Kufundisha Muziki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na walimu wapya, wanamuziki wanaofikiria kuingia darasani, na wazazi wanaotaka kujua kwa nini mwalimu wa mtoto wao anaonekana amechoka ifikapo Alhamisi. Majibu hayalingani urefu. Kuna maswali yanayojibika kwa sentensi mbili, na kuna yaliyonikosesha usingizi.

Lazima niwe mpigaji hodari kabla ya kuanza kufundisha?

Uwe mpigaji wa kutosha, halafu uwe hodari wa kukumbuka ulivyokuwa unashindwa. Hilo la pili ndilo gumu.

Chukua skeli ya do kwenye piano, mkono wa kulia. Kidole gumba kinabonyeza do, cha shahada re, cha kati mi, kisha kidole gumba kinapita chini ya wenzake na kutua kwenye fa. Aliyecheza miaka kumi hajui tena kwamba anafanya hivyo, maana mkono unakwenda wenyewe. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafika kwenye mi, anaduwaa, anainua kiwiko kama kuku anayetaka kuruka ua, na bega lote linapanda. Mpigaji hodari atamwambia "tazama, hivi", atacheza tena kwa kasi ileile, na mtoto ataambulia vumbi. Mwalimu anajua kwamba kidole gumba kilitakiwa kuanza safari mapema, tangu re inabonyezwa, kisubiri chini ya kiganja. Basi anamrudisha kwenye mi na fa, nota mbili tu, tena na tena, mpaka bega lishuke.

Nimewaona wapiga vyombo wa kutisha jukwaani wakishindwa kumfundisha mtu hatua hii moja. Nimewaona pia wapigaji wa kawaida kabisa ambao wanafunzi wao wanasonga mbele kila wiki.

Siku ya kazi inakuwaje?

Inategemea kama uko shuleni au unafundisha mmoja mmoja. Shuleni unakutana na madarasa mengi, kila moja mara moja kwa wiki, na majina ya watoto ni mamia. Anayefundisha mmoja mmoja anaanza kazi wengine wanapotoka kazini: jioni na Jumamosi. Ukiwa na familia, jua mapema kwamba saa zako za kuingiza kipato ndizo saa zao za kukaa pamoja.

Kuna kazi isiyoonekana pia. Darasa la magitaa 15 lina nyuzi 90. Ukitumia sekunde 20 kwa kila uzi kuulinganisha, umemaliza nusu saa kabla mtoto wa kwanza hajaingia, na wa tatu akikaa tu atauzungusha ufunguo wa uzi "kuona unafanya nini". Kuna kunakili nota, kupunguza wimbo uliopanda mno, kutafuta mwanzi wa klarineti, kuondoa penseli ndani ya tarumbeta. (Ndiyo, penseli. Na siyo mara moja.)

Furaha yake hasa iko wapi? Watu wanasema "ni kuona watoto wakikua", lakini hiyo ni kazi yoyote ya ualimu.

Kweli. Ngoja nieleze kitu ambacho hukipati kwenye hesabu wala jiografia.

Nota ya la ambayo ala nyingi hulinganishwa nayo hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Ukiipiga pamoja na nyingine inayotetemeka mara 442, sikio linasikia sauti inayovimba na kusinyaa mara 2 kila sekunde, kama taa inayotaka kuzimika. Isogeze ile ya pili taratibu kuelekea 440: uvimbaji unapungua kasi, unakuwa mawimbi marefu, kisha unatoweka, na sauti mbili zinakuwa moja.

Nilikuwa na mvulana wa miaka tisa aliyeambiwa nyumbani na kwaya nzima kwamba hana sauti. Alikuwa anaimba kwa kunong'ona, kidevu kifuani. Siku moja darasa lilipotoka nilimwambia aimbe nota yoyote anayoitaka, nami nitaifuata. Akatoa sauti ya chini, ya kuomba radhi. Nikaiga ileile. Kisha nikapanda kidogo, hatua moja tu, nikashikilia. Akanifuata akapita, akarudi akapungukiwa, na muda wote ule mtetemo mbaya ulikuwa unasikika kati yetu. Kisha ukanyooka. Sikumwambia kitu, wala hakukuwa na haja: aliacha kuimba, akanitazama, akaweka mkono shingoni kama mtu aliyeguswa na kitu. Akauliza, "Ndiyo hiyo?"

Nikamwambia ndiyo hiyo. Tukairudia mara kama ishirini, kikao cha walimu wenzangu kikaanza bila mimi.

Sisemi alikuja kuwa mwimbaji. Alibaki sauti ya tatu kwenye safu ya nyuma mpaka alipohama. Ila nimekaa katika kazi hii kwa sababu ya kile kitendo cha mkono shingoni, na hutokea mara chache kuliko unavyoweza kudhani. Pengine mara nne au tano kwa mwaka. Katikati yake kuna majuma mengi ya nyuzi 90.

Kwa hiyo hakuna watoto wasio na sikio la muziki?

Wapo watu ambao ubongo wao hautofautishi nota vizuri, lakini ni wachache sana. Wengi wanaobandikwa jina hilo wana matatizo ya kawaida yenye tiba. Wimbo umeanzishwa chini mno kwa koo la mtoto. Mwalimu mwanamume anaimba kwa sauti yake ya asili, oktava nzima chini, na mtoto hajui amfuate wapi. Au mtoto anadhani kupanda sauti ni kupiga kelele zaidi. Anza kwenye nota yake yeye, kisha umsogeze.

Wavulana wa umri wa kubalehe ni suala jingine. Zoloto linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na kwa miezi kadhaa sauti inakatika popote inapotaka. Usimnyamazishe. Mwandikie mstari wenye nota tano tu anazozimudu mwezi huu, na umkague tena mwezi ujao. Niliyewahi kumwambia "pumzika kwanza mpaka ikae sawa" hakurudi kwaya tena, na kosa lilikuwa langu.

Nifuate mbinu ya nani? Kila mtu ana jina lake.

Majina utakayokutana nayo zaidi ni manne. Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950) wa Uswisi aliwafundisha wanafunzi mapigo kwa mwili mzima: kutembea, kugeuka, kusimama. Zoltán Kodály (1882–1967) wa Hungaria aliweka kuimba mbele ya chombo chochote, kwa solfa (kuziita nota do, re, mi) na ishara za mikono. Ishara hizo zilitoka kwa John Curwen wa Uingereza, ambaye naye alijengea juu ya kazi ya mwalimu aitwaye Sarah Glover. Carl Orff (1895–1982) wa Ujerumani alianza na makofi, maneno na zailofoni zenye vibao vinavyong'oka. Shinichi Suzuki (1898–1998) wa Japani alisema mtoto ajifunze fidla kama anavyojifunza lugha ya mama: asikilize sana, aige, mzazi awepo, kusoma nota kuje baadaye.

Mimi huiba kwa wote. Kile kibao kinachong'oka cha Orff peke yake kimeniokoa mara nyingi: toa fa na ti kwenye zailofoni, zibaki do, re, mi, sol na la, kisha waache watoto ishirini wagonge watakavyo. Hakuna nota itakayogombana na nyingine vibaya. Kwa mara ya kwanza darasa zima linasikika vizuri bila wewe kusema "hapana".

Nikimsikia mtu anasema mbinu yake ndiyo pekee, mara nyingi ana kozi ya kuuza.

Kwa nini wakuu wa shule wanalichukulia muziki kama somo la ziada?

Kwa sababu matokeo yake hayaingii vizuri kwenye jedwali, na kwa sababu wanaliona siku za sherehe tu. Siku tatu kabla ya mgeni rasmi unaambiwa "waandae watoto, nyimbo mbili". Shule moja niliyofundisha iligeuza chumba changu kuwa stoo ya viti katikati ya muhula, nikafundisha ukumbini huku meza zikipangwa kwa ajili ya mtihani. Mwezi uliofuata wakaniuliza kwa nini kwaya haijaiva.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mtunzi Johann Sebastian Bach alipochukua kazi ya kanta (msimamizi wa muziki wa kanisa na shule) mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1723, alitakiwa pia kufundisha Kilatini, akaona afadhali amlipe mwenzake amshikie vipindi hivyo. Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji waraka mrefu wa malalamiko. Aliwahesabu hata wanafunzi wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Nikiwa na wiki mbaya, huo mgawanyo hunifariji kuliko mahubiri yoyote.

Ushauri wa vitendo: mkaribishe mkuu wa shule kwenye kipindi cha kawaida, siku isiyo na sherehe, na umpe ala ashike. Akihangaika dakika tano kupiga mapigo matatu kwa mkono mmoja na mawili kwa mwingine, ataacha kuliita somo la kupumzikia.

Kazi hii inaharibu masikio na koo?

Inaweza, na ni jambo linalopuuzwa mno. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asizidi saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Chumba kidogo chenye ngoma na tarumbeta hufika huko bila taabu. Tafuta vizibo vya masikio vya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuifanya isikike kama imefunikwa na blanketi. Simama pembeni, siyo mbele ya mdomo wa tarumbeta. Tundika mapazia mazito, na panga vipindi vya ngoma visifuatane.

Koo nalo lina taratibu zake. Usipige kelele juu ya ala. Weka ishara moja ya kunyamaza na uifundishe wiki ya kwanza. Mimi huinua ngumi na kusubiri, hata ikichukua dakika nzima ya aibu. Kunywa maji siku nzima. Sauti ikikwama na kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo. Nilichelewa miezi miwili, nikaambulia muhula mzima wa kufundisha kwa kuandika ubaoni.

Kipato kinatosha?

Mwenye ajira ya shule ana uhakika zaidi kuliko anayejitegemea, na anayejitegemea ana uhuru ambao hauliki. Wengi huchanganya: shule asubuhi, wanafunzi binafsi jioni, onyesho mwisho wa juma.

Kwa anayejitegemea, mambo matatu yaandikwe tangu siku ya kwanza. Ada ilipwe kwa muhula au kwa mwezi, mapema, siyo kwa kila kipindi. La sivyo mvua ikinyesha hujala. Asiyetoa taarifa siku moja kabla analipia kipindi. Na maonyesho ya "njoo upige bure, utajulikana" yana kikomo chake kwa mwaka. Watu wanaona kwa kuwa unaipenda kazi basi mapenzi hayo ndiyo ujira. Mkono mtupu haulambwi, hata ukiwa umeshika fidla.

Nimjibu nini mzazi anayeuliza, "Atapiga wimbo lini?"

Mpe wimbo wiki ya kwanza, hata wa nota tatu. Mzazi anataka kusikia kitu nyumbani, na hana kosa.

Kisha zungumza naye kuhusu mazoezi, maana hapo ndipo mengi yanapoharibikia. Dakika 10 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Chombo kikae nje ya boksi, mahali kinapoonekana. Kikiwekwa juu ya kabati kimezikwa. Na asimwambie mtoto "nenda kafanye mazoezi" kwa sauti ileile anayotumia kumtuma kuosha vyombo. Amwombe amchezee kipande kimoja. Nimeona wazazi wasiojua nota hata moja wakifanya kazi kubwa kuliko yangu kwa kukaa tu kwenye kiti na kusema, "Hebu rudia pale pazuri."

Mwanafunzi anataka kuacha. Nimbembeleze?

Muulize kwanza anachoka na nini. Mara nyingine ni ala isiyomtosha: fidla hutengenezwa kwa ukubwa tofauti, nusu, robo tatu na kuendelea, na mtoto aliyepewa kubwa "atakua nayo" anaumia mkono kila siku bila kujua kusema. Mara nyingine ni mitihani ya madaraja: mtoto amekaa mwaka mzima na vipande vitatu vilevile kwa ajili ya mtahini, hata wewe ungekimbia. Pengine anataka tu gitaa, awe na kodi tatu (za muziki, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja; hizi hazina mwenye nyumba) aweze kuimba na rafiki zake. Badilisha hicho kwanza.

Akisisitiza, mwache aende vizuri. Anayeondoka bila ugomvi hurudi akiwa na miaka thelathini, mara nyingi na mtoto mkononi.

Na wanafunzi watu wazima?

Wanakuja kwa hiari, wanalipa kwa wakati, na wanajitukana kila wanapokosea. Sehemu kubwa ya kipindi ni kuwazuia wasiombe msamaha.

Nitapata muda wa muziki wangu mwenyewe?

Usipoulinda, hapana. Kinyozi hajinyoi, na mwalimu wa muziki anaweza kumaliza mwaka bila kufungua boksi la chombo chake kwa ajili ya nafsi yake. Ukifika nyumbani, kitu unachokitamani kuliko vyote ni kimya.

Mtunzi Gustav Holst alifundisha katika shule ya wasichana ya St Paul's, London, tangu 1905 hadi kifo chake 1934, na sehemu kubwa ya utunzi wake aliifanya mwisho wa juma na likizoni. Simtaji ili ujione mvivu. Namtaja kwa sababu ya mpango wake: alijua saa zake ni zipi na akazitumia hizo. Mimi nina Jumapili asubuhi, muda wa saa mbili, na simu iko chumba kingine. Miaka ambayo sikuwa nazo nilikuwa mkali darasani kuliko ilivyostahili.

Mwanafunzi akinizidi nifanye nini?

Utahisi vitu viwili kwa pamoja, fahari na mchomo. Usione haya kwa huo mchomo, ila usimlipishe mtoto.

Dalili ni kwamba umeanza kumsahihisha mambo ya ladha, siyo makosa. Hapo mtafutie mwalimu mwingine, umpeleke wewe mwenyewe, na umweleze mwalimu huyo kwa uwazi kile ambacho hukuweza kukirekebisha. Nadia Boulanger (1887–1979) wa Ufaransa aliacha kutunga akiwa bado kijana, akatumia maisha yake kufundisha. Kwake walipita Aaron Copland, Quincy Jones na Philip Glass, watu watatu ambao muziki wao haufanani hata kidogo. Nikitaka kupima kama nafundisha au najinakilisha, huwa nawasikiliza wanafunzi wangu watatu mfululizo na kujiuliza kama wanafanana.

Programu za simu na video za intaneti zitatuondoa kazini?

Zimeshachukua sehemu ya kazi: kuonyesha mahali pa kuweka vidole, kupiga metronomu (kile kifaa cha kushika mapigo), kuhesabu makosa. Sehemu hiyo sikuipenda. Programu inasikia kwamba nota imechelewa. Haioni kwamba imechelewa kwa sababu mtoto ameshikilia pumzi tangu mstari uliopita.

Kufundisha kwa video kunawezekana, ila kupiga pamoja karibu hakuwezekani, kwa kuwa sauti inachelewa sehemu ndogo ya sekunde na kila mmoja anamsubiri mwenzake mpaka wimbo unasimama. Pokezaneni: apige yeye, kisha upige wewe.

Kesho ni siku yangu ya kwanza darasani. Nianze na nini?

Usianze na kanuni za chumba wala historia ya muziki. Ingia ukipiga makofi mapigo manne, bila salamu, na uendelee mpaka waingie wote. Badilisha moja: acha pigo la nne liwe kimya. Nusu watapiga kwenye kimya na watacheka. Rudia mpaka kimya kiwe kimya kweli, watoto arobaini na mikono themanini na miwili juu hewani, hakuna anayegusa.

Themanini na miwili? Ndiyo, nawe unahesabiwa.